SOMO LA UFUNDI: MBAO HAIDANGANYWI
Mambo anayopaswa kuyajua seremala wa karakana, na huduma zinazomhusu katika Halmashauri



Miaka michache iliyopita mwandishi wa makala hii aliagiza mlango wa mbao kwa ajili ya nyumba yake. Mlango ulipendeza. Ulipakwa vanishi ukang'aa, na fundi aliufunga kwa bawaba imara katika kipindi cha mvua za masika. Ilipofika Septemba, mbao zake zilikuwa zimeachana kiasi cha kupitisha mwanga, na kona moja ilikuwa imepinda hata kitasa kikawa hakishiki. Fundi aliitwa, akautazama, akasema: "Hii ni mbao tu, bosi. Mbao ndivyo zilivyo."

Jibu hilo lilikuwa na ukweli nusu. Ni kweli mbao hutanuka na kusinyaa. Lakini fundi aliyefunzwa anajua itasinyaa kiasi gani na upande upi, na hutengeneza mlango unaostahimili badiliko hilo. Mwenye nyumba alipoteza fedha. Fundi alipoteza mteja, na pamoja naye jamaa na majirani wote ambao wangeelekezwa kwake.

Katika ziara zetu za kuandaa habari, kuanzia Usa River na Tengeru hadi Ngaramtoni, na katika karakana za Unga Limited na Mbauda jijini Arusha, tumekutana na vijana wengi wanaoishi kwa useremala. Wapo wenye vipaji vikubwa. Wengi wao wamejifunza kwa kutazama, hawana cheti, hawafahamu huduma ambazo sheria imewawekea, na wengine wamepoteza vidole. Makala hii imeandaliwa kwa ajili yao, kwa ajili ya wazazi wanaotafakari fani ya watoto wao, na kwa ajili ya mteja anayetaka kujua anacholipia.

1. SEREMALA WA KARAKANA NI NANI?

Tofauti kati ya seremala wa karakana na fundi wa kubahatisha haitokani na ukubwa wa banda wala wingi wa mashine. Inatokana na mpangilio wa kazi. Fundi wa kubahatisha huanza kwa kukata. Seremala wa karakana huanza kwa kuchora.

Katika karakana iliyopangika, kazi hupita hatua zifuatazo: kupokea maelezo ya mteja na kupima mahali kifaa kitakapokaa, kuchora mchoro wenye vipimo, kuandaa orodha ya vipande vyote, yaani kila kipande na urefu, upana na unene wake, kuchagua mbao na kuhakiki ukavu wake, kukata na kuranda, kutengeneza viungo, kukusanya bila gundi kwanza ili kujaribu, kukusanya kwa gundi, kupiga msasa, kupaka rangi au vanishi, na mwisho kukagua kabla ya kumkabidhi mteja.

Karakana inapopokea oda ya vitu vingi vinavyofanana, tuseme madawati 50 ya shule, stadi nyingine huhitajika, nayo ni kutengeneza kiolezo. Kiolezo ni kifaa kinachoshika kipande mahali palepale kila mara, ili mguu wa dawati la kwanza na mguu wa dawati la hamsini vilingane bila kupimwa upya. Fundi asiyetumia kiolezo hupima mara mia mbili, na hukosea walau mara kumi. Anayekitumia hupima mara moja kwa umakini.

2. KUUFAHAMU MTI KABLA YA KUUKATA

Maeneo yanayozunguka Mlima Meru yamebarikiwa miti ya mbao. Shamba la Miti Meru/Usa, linalosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), hutoa mbao za paina na saiprasi. Katika mashamba ya kahawa na migomba ya Wameru na Waarusha, mgrevilea umepandwa kwa miongo mingi kama mti wa kivuli, na mbao yake yenye madoadoa mazuri hutumika kwa samani. Mkaratusi hutumika zaidi kwa nguzo. Kwa kazi za gharama kubwa, mafundi huagiza mninga na mkongo kutoka mikoa mingine, au mtiki kutoka mashamba ya Longuza mkoani Tanga na Mtibwa mkoani Morogoro. Aidha, wilayani Arusha, kwenye miteremko ya mlima huu huu, kipo Chuo cha Misitu Olmotonyi kilichoanzishwa mwaka 1937. Elimu ya miti si ngeni katika eneo letu.

Kila mti una tabia yake. Paina ni laini, hurandika kwa urahisi, lakini huliwa na mchwa isipotiwa dawa. Saiprasi ina harufu nzuri na hustahimili zaidi, ila vifundo vyake huhitaji uangalifu. Mninga hausinyai sana, ndiyo maana wazee waliupenda kwa milango. Fundi mzuri hamwuzii mteja jina la mti tu, bali humweleza mti gani unafaa kazi gani.

Unyevu ndiyo adui wa kwanza

Mti uliokatwa karibuni una maji mengi. Sehemu ya maji hayo imo katika nafasi zilizo wazi ndani ya mbao, na sehemu nyingine imenyonywa na kuta za nyuzi zenyewe. Maji ya kwanza yakitoka, mbao hupungua uzito tu. Unyevu unaposhuka chini ya asilimia 30 hivi, maji ya kuta nayo huanza kutoka, na hapo ndipo mbao huanza kusinyaa.

Kusinyaa huko hakulingani pande zote. Kwa urefu, mbao karibu haibadiliki kabisa. Kwa upana, badiliko ni kubwa, na mbao iliyochanwa kufuata mzunguko wa pete za mti husinyaa takriban mara mbili ya ile iliyochanwa kuelekea kiini cha gogo. Kipande cha paina chenye upana wa sentimita 20, kikikauka kutoka ubichi hadi unyevu wa asilimia 12, kinaweza kupungua upana kwa milimita kadhaa, hata kukaribia nane. Unganisha mbao nne za namna hiyo katika mlango mmoja, nawe utaelewa mwanga ule ulipita wapi.

Kwa sisi wakazi wa Meru jambo hili lina uzito wa pekee. Upande wa kusini wa mlima, kama Nkoaranga na Akheri, hupata mvua nyingi na hewa yake ni nyevu. Upande wa Ngarenanyuki na tambarare za King'ori ni kukavu. Kabati lililotengenezwa Akheri wakati wa masika kwa mbao mbichi, likapelekwa Ngarenanyuki wakati wa kiangazi, litapasuka hata kama fundi alikuwa na mkono wa dhahabu.

Namna ya kupima unyevu

Mwenye uwezo anunue kipima unyevu cha mkononi. Asiye nacho anaweza kutumia mizani na tanuri. Kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, si mwishoni ambako hukauka haraka. Kipime uzito. Kisha kikaushe katika tanuri lenye joto la nyuzi 103 hivi za Selsiasi, ukikipima mara kwa mara hadi uzito usipungue tena. Toa uzito mkavu kutoka katika uzito wa awali, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100.

Mfano: kipande kilikuwa na gramu 260, baada ya kukaushwa kikabaki gramu 208. Tofauti ni 52. Ukigawanya 52 kwa 208 na kuzidisha kwa 100 unapata asilimia 25. Mbao hiyo haifai kwa samani. Kwa samani za ndani katika hali ya hewa yetu, lenga asilimia 12 hadi 14.

Namna ya kukausha

Mbao zisilazwe chini wala kuegeshwa ukutani juani. Panga tofali au magogo mafupi ili mbao zikae walau sentimita 30 juu ya ardhi. Kati ya safu na safu weka vijiti vya unene wa inchi moja, vikiachana kwa sentimita 60 hivi, na kila kijiti kikae juu kabisa ya kijiti cha chini yake. Vikipishana, mbao zitapinda. Paka rangi kwenye ncha za mbao ili zisipasuke. Weka uzito juu ya safu ya mwisho. Ezeka kwa bati, acha pande zote wazi upepo upite. Mbao laini za inchi moja huhitaji miezi kadhaa kwa njia hii. Mbao ngumu na nene huhitaji muda mrefu zaidi. Mwenye haraka atafute tanuri la kukaushia.

3. VIUNGO VINAVYOHESHIMU MBAO

Mbao zikishakauka, bado zitaendelea kutanuka kidogo wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa jua. Ndiyo maana fundi aliyefunzwa hafungi ubao mpana kwa misumari pande zote. Mlango wa paneli hutengenezwa kwa fremu iliyounganishwa kwa tundu na ulimi, na paneli hukaa ndani ya mfereji wa fremu bila gundi, ikiwa na nafasi ya kupumua. Paneli ikitanuka huingia ndani ya mfereji, ikisinyaa hutoka kidogo, na mwenye nyumba haoni chochote.

Kwa kiungo cha tundu na ulimi, kanuni ya kawaida ni kuugawa unene wa mbao sehemu tatu, na kuuacha ulimi kuwa theluthi moja ya katikati. Ulimi mwembamba zaidi hukatika, na mnene zaidi hudhoofisha tundu. Kwa droo, kiungo cha mkia wa njiwa hustahimili kuvutwa miaka mingi kwa sababu umbo lake lenyewe hukataa kutoka. Uso wa meza ufungwe kwenye fremu yake kwa vibano au kwa skrubu zilizo katika matundu marefu, ili uso uweze kusogea.

4. MASHINE HAINA HURUMA

Fundi mkongwe mmoja tuliyemtembelea alitupokea kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia hauna vidole viwili. Alitueleza kwa utulivu kwamba siku ile kinga ya msumeno ilikuwa imeondolewa kwa sababu "ilikuwa inachelewesha kazi", na kipande alichokuwa akikichana kilikuwa kifupi kuliko kiganja chake. Oda ilikuwa ya haraka. "Mteja alisubiri siku moja," alisema, "mimi nimesubiri miaka kumi na tisa, vidole havijaota."

Tunaomba kila karakana ibandike kanuni hizi ukutani:

Kwanza, msumeno wa duara uwe na kinga juu yake, na kisu cha kutenganisha mbao nyuma yake. Kisu hicho huzuia mbao isiubane msumeno na kurushwa kwa nguvu kumrudia fundi.

Pili, usisimame moja kwa moja nyuma ya mbao unayoichana. Simama pembeni kidogo.

Tatu, kipande kifupi kisukumwe kwa kijiti cha kusukumia, kamwe si kwa vidole. Kipande kifupi kuliko sentimita 30 kisipitishwe kwenye mashine ya kuranda.

Nne, usivae glavu, kanga, mikono mirefu iliyolegea wala mkufu unapotumia mashine inayozunguka. Glavu haizuii jino la msumeno, huuvuta mkono ndani.

Tano, zima umeme na uchomoe waya kabla ya kubadilisha au kunoa msumeno. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, kwa kuwa mwenzako anaweza kuiwasha.

Sita, vaa miwani ya kinga na viziba masikio.

Saba, jikinge na vumbi. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua. Kitambaa cha kawaida hakitoshi. Tumia barakoa ya vumbi, fagia baada ya kunyunyiza maji kidogo, na kama uwezo upo weka kifyonza vumbi kwenye mashine.

Nane, vitambaa vyenye mafuta ya kupakia mbao visikunjwe na kutupwa kwenye kona. Baadhi ya mafuta hayo hupata joto yenyewe yanapokauka na huweza kuwasha moto. Vitandazwe nje vikauke au vitiwe ndani ya chombo chenye maji.

5. KUPANGA BEI BILA KUJIIBIA

Mafundi wengi hufunga karakana ilhali wateja wapo. Sababu kubwa ni bei isiyohesabiwa. Tufanye zoezi pamoja. Bei zilizotumika hapa ni za mfano tu. Kila fundi aweke bei za soko lake.

Mteja anataka meza ya ofisi. Mbao huhesabiwa kwa futi ya mbao, yaani kipande chenye urefu wa futi moja, upana wa futi moja na unene wa inchi moja. Zidisha unene kwa upana, vyote kwa inchi, kisha zidisha kwa urefu kwa futi, halafu gawanya kwa 12.

Uso wa meza: vipande 3 vya 1 kwa 8, urefu futi 4. Jumla ni futi za mbao 8.
Miguu: vipande 4 vya 3 kwa 3, urefu futi 2 na nusu. Jumla ni 7.5.
Mikanda mirefu: vipande 2 vya 1 kwa 4, urefu futi 3. Jumla ni 2.
Mikanda mifupi: vipande 2 vya 1 kwa 4, urefu futi 1 na nusu. Jumla ni 1.

Jumla kuu ni 18.5. Ongeza asilimia 20 kwa ajili ya vipande vinavyopotea katika kukata, kuranda na kukwepa vifundo: inakuwa 22.2.

Ikiwa futi ya mbao ni shilingi 2,500, mbao zitagharimu shilingi 55,500. Gundi, msasa na vanishi, tuseme shilingi 18,000. Kazi ya siku 2 kwa shilingi 20,000 kwa siku ni shilingi 40,000. Kisha zipo gharama za karakana: kodi ya banda, umeme, leseni, kunoa misumeno. Tuseme kwa mwezi ni shilingi 300,000, na siku za kazi ni 25. Kila siku inabeba shilingi 12,000, hivyo siku 2 ni shilingi 24,000.

Gharama yote ni shilingi 137,500. Ukiongeza faida ya asilimia 20, yaani shilingi 27,500, bei ya meza ni shilingi 165,000.

Sasa mtazame fundi anayehesabu mbao na vanishi peke yake. Kwake gharama ni shilingi 73,500. Akiuza kwa shilingi 110,000 hufurahi kwamba amepata faida ya shilingi 36,500. Kumbe shilingi 24,000 kati ya hizo ni za mwenye banda na umeme. Kwa siku mbili za jasho amejilipa shilingi 12,500, na hakuna akiba ya kununulia msumeno mpya. Huyu hakuibiwa na mteja. Amejiibia mwenyewe, na amewaharibia bei mafundi wenzake.

6. UJUZI ULIO MIKONONI UNAWEZA KUPATA CHETI

Malalamiko tunayosikia mara nyingi ni haya: "Nimefanya kazi hii miaka kumi na tano, lakini nikiomba kazi hotelini au kwa mkandarasi wananiuliza cheti."

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Fundi hatakiwi kurudi darasani miaka miwili. Hutathminiwa kwa vitendo juu ya kile anachokifahamu, huelekezwa pale penye upungufu, na akifaulu hutunukiwa cheti cha ngazi anayostahili. Serikali kupitia programu yake ya kukuza ujuzi imekuwa ikigharamia awamu mbalimbali za urasimishaji huo, kwa hiyo fuatilia matangazo katika mbao za kata na ofisi za VETA.

Kwa anayeanza, zipo njia kadhaa. Vyuo vya VETA na vyuo vingine vilivyosajiliwa hufundisha useremala. Chuo cha Viwanda vya Misitu (FITI) kilichopo Moshi, mwendo wa saa chache kutoka kwetu, hufundisha uchakataji wa magogo, ukaushaji wa mbao na utengenezaji wa samani. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mkoani Arusha na hutoa mafunzo ya uendeshaji wa viwanda vidogo. Vilevile, tangu Januari 2024 mkondo wa amali umeanza kutolewa katika baadhi ya shule za sekondari nchini. Mzazi asione aibu mtoto wake kuchagua mkondo huo. Mkono wenye ujuzi haulali njaa.

7. SHERIA INAYOMLINDA FUNDI

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Mtoto aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuajiriwa katika kazi za hatari. Msumeno wa umeme ni hatari. Kijana aliye mafunzoni awe chini ya uangalizi, asiachwe peke yake na mashine.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwenye karakana kuisajili kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) na kuwapatia wafanyakazi vifaa vya kinga. Vifaa hivyo visikatwe kwenye mshahara.

Mwajiri anapaswa pia kujisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Michango ya mfuko huu hulipwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi akiumia kazini, mfuko hugharamia matibabu na kulipa fidia ya ulemavu, na akifariki wategemezi wake hulipwa. Ajali iripotiwe bila kuchelewa. Yule mzee wa vidole viwili aliumia kabla mfuko huu haujaanza kutoa huduma. Kijana anayefanya kazi leo hana sababu ya kuikosa haki hiyo kwa kutojua tu.

Kuhusu mbao zenyewe, Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inasimamia uvunaji na usafirishaji wa mazao ya misitu. Nunua kwa muuzaji aliyesajiliwa, dai risiti, na hakikisha mbao zimesafirishwa kwa hati halali. Mbao ya bei ya kutupa inayoshushwa usiku huweza kutaifishwa mchana ikiwa karakanani kwako.

8. HUDUMA ZA HALMASHAURI KWA MAFUNDI

Leseni ya biashara. Huombwa kupitia mfumo wa TAUSI. Andaa namba ya utambulisho wa mlipakodi. Asiyeweza kutumia mfumo afike kwa Afisa Biashara kwa msaada.

Mikopo isiyo na riba. Kwa mujibu wa sheria, kila Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisitishwa mwaka 2023 ili kuboresha utaratibu, na ikarejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha maseremala kinaweza kuomba kwa ajili ya mashine au mbao. Anzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako. Tunashauri andiko la mradi liambatane na hesabu kama ile ya meza tuliyoifanya hapo juu, kwa kuwa kikundi kinachojua gharama zake hurejesha mkopo.

Zabuni za umma. Manunuzi ya Serikali sasa hufanyika kupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST. Sheria inazitaka taasisi nunuzi kutenga asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa makundi maalumu ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Vikundi visivyosajiliwa katika mfumo haviwezi kuzipata fursa hizo.

Ujenzi wa shule na zahanati. Miradi mingi ya kata hujengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo kamati za eneo husika huchagua mafundi wa karibu. Milango, madirisha, kenchi na madawati hutoka katika karakana zetu wenyewe. Hapa tunasema bila kumung'unya maneno: dawati lililotengenezwa kwa mbao mbichi hulegea kabla mwanafunzi hajamaliza darasa lake, na fedha iliyopotea ni ya mzazi yule yule aliyechangia. Kamati zina haki ya kudai mbao ipimwe unyevu kabla ya kupokea kazi. Zitumie haki hiyo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kipande cha mbao kilikuwa na gramu 230. Baada ya kukaushwa kabisa kina gramu 200. Je, mbao hiyo inafaa kwa kabati? (Jibu: unyevu ni asilimia 15. Isubiri kidogo.)
2. Ubao wa 2 kwa 6 wenye urefu wa futi 12 ni futi ngapi za mbao? (Jibu: 12.)
3. Kwa nini paneli ya mlango haitiwi gundi?
4. Taja vitu viwili ambavyo havivaliwi mbele ya mashine inayozunguka.

HITIMISHO

Mlango ule wa mwandishi ulitengenezwa upya na fundi mwingine, mwenye karakana ndogo yenye mashine mbili na banda la kukaushia mbao. Kabla ya kupokea fedha alitaka kujua mlango utatazama upande gani wa jua. Bei yake ilikuwa ya juu kuliko ya yule wa kwanza, na alieleza kila shilingi ilikokwenda. Masika manne yamepita, na mlango bado unafunga kwa kidole kimoja.

Fundi huyo hana siri. Anapima, anasubiri mbao ikauke, na msumeno wake una kinga. Mambo hayo matatu yako ndani ya uwezo wa kila karakana kuanzia Maji ya Chai hadi Ngaramtoni. Mteja unaweza kumdanganya, na mkaguzi pia kwa siku moja. Mbao haidanganywi. Ukiitengeneza ikiwa mbichi, itasema ukweli wakati wa kiangazi.

Kwa maelezo zaidi kuhusu leseni, mikopo na mafunzo, fika ofisi ya kata yako au ofisi za Halmashauri siku na saa za kazi. Huduma ya maelezo haina malipo.

Imeandaliwa na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini.